Siku Moja Darini, Chini ya Misumari ya Bati

Saa 12:10 asubuhi. Mwezi wa pili hapa Tanga kazi ya darini huanza alfajiri au haianzi kabisa, kwa kuwa ikifika saa 5 bati limekwisha kuwa kikaango, na anayefanya kazi chini yake huanza kukosea. Mkobani niliweka mita, testa, koleo, tochi mbili za kichwani, barakoa, kofia ngumu mbili, pamoja na kifurushi ambacho wateja hukicheka kila mara: ndala kuukuu zilizokatwa vipande vidogo vidogo.

Saa 1:05. Mimi na kijana ninayemfundisha kazi tulipomwamkia, mama mwenye nyumba alitueleza kwamba tangu mvua za vuli kila anayegusa gata wakati kunanyesha hupigwa shoti. "Wajukuu nimewakataza kukinga maji, mwanangu," aliniambia. Nilimuuliza paa lilibadilishwa lini, naye akajibu kwamba mabati ya zamani yaling'olewa mwezi wa nane, yakapigwa mapya. Hapo nikaanza kuishuku misumari kabla sijauona waya wowote.

Msumari wa inchi 3 ukipigwa kwenye mgongo wa bati na kupenya papi, ule ubao unaobeba bati, ya inchi 2 kwa 2, ncha yake hutokeza chini hata nusu inchi. Ukipigwa bondeni hutokeza karibu inchi nzima. Hilo si kosa, kwa maana msumari usiopenya vizuri hauwezi kulishika bati siku ya upepo. Ubaya huja pale ambapo fundi umeme aliyetangulia aliufunga waya chini ya papi ileile, kisha miaka mingi baadaye akaja fundi paa asiyejua kilichopo upande wa pili wa ubao anaoupiga.

Saa 1:20. Nilichomeka kipande cha nondo kwenye udongo wenye unyevu, nikapima kati yake na gata. Mita ilionyesha voti 212. Maana yake ni kwamba paa zima lilikuwa na umeme, na kila ncha ya msumari iliyogusana na bati darini nayo ilikuwa nao, ikimngoja kisogo cha mtu. Nilizima mein swichi, nikapima tena mpaka mita ikasoma sifuri, nikalifunga boksi kwa kufuli na ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Hakuna aliyegusa ngazi kabla ya hapo.

Saa 1:45. Tuliingia. Darini mguu hukanyaga mbao tu, kamwe haukanyagi sili bodi, na sisi hulaza ubao mpana juu ya mbao hizo ili mtu atambae bila kuyumba, kwa sababu anayeyumba huinua mkono, na mkono ukiinuka hukutana na misumari. Barakoa ni ya vumbi la kinyesi cha popo. Kabla ya kusogea tulimulika juu na kuzivika vipande vya ndala ncha zote za njia yetu, moja baada ya nyingine, kama arobaini hivi.

Wapo wanaotaka misumari hiyo iondolewe kabisa. Mimi siafiki. Ukiurudisha msumari kwa nyundo, kofia yake hunyanyuka juu ya bati pamoja na mpira wake, na mvua inayofuata itakuonyesha ulichokifanya. Kuupinda nako hulitikisa bati. Ama grinda, cheche zake huangukia viota vikavu vya ndege, na joto lake hupanda hadi kwenye mpira. Kwenye mlango wa dari tu, mahali watu wanapopita kila mara, nilifunga ubao mwembamba kwa skrubu chini ya ncha, bila kupiga nyundo hata mara moja.

Saa 3:10. Msumari wenye kosa tuliukuta kwenye papi ya tatu. Ncha ilikuwa imeingia katikati ya waya, na mstari wa kutu ulionyesha njia ya maji. Niliukata waya ule na kupitisha mwingine ndani ya paipu, chini kabisa kwenye mbao za dari. Msumari niliuacha ulivyo.

Saa 4:30. Yule kijana alivua kofia ajifute jasho, akainuka kunipa koleo, akachomwa utosini mahali tusipopavika ndala. Damu haikuwa nyingi, lakini tulishuka papo hapo, tukaliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, kisha nikampeleka zahanati. Watu husema kutu ndiyo huleta pepopunda, ilhali vimelea vyake hukaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, vitu ambavyo darini vimejaa. Jeraha chafu kama lile huhitaji chanjo tena ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho, na yeye hakukumbuka yake ilikuwa lini. Alichomwa sindano. Nilikuwa nimemkumbusha kofia mara tatu, ila sikumpa hata nafasi moja ya kushuka kunywa maji, na hilo nimeliandika upande wangu.

Saa 8 mchana. Darini hapakukalika tena. Nilifanya kazi ya chini: ethi mpya, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ambayo nyumba haikuwa nayo.

Saa 10:30. Tuliwasha umeme, tukalimwagia paa maji kwa mpira wa bustani, nikapima gata. Sifuri. Kwenye ubao wa mlango wa dari niliandika kwa kalamu nene: MISUMARI JUU, VAA KOFIA. Mama aliuliza kama vile vipande vya ndala tutaving'oa. Nilimwomba aviache, kwa kuwa Jumamosi anakuja fundi wa tanki.