Tulivyoufungia magari mtaa mkongwe na maduka yakabaki wazi

Nilipopewa kazi ya kuratibu kamati ya wenye maduka katika mtaa mkongwe wa katikati ya mji, swali lilikuwa moja kila kikao: magari yakizuiwa, wateja watatoka wapi?

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Huko Chicago, barabara ya maduka ya State Street ilifungiwa magari binafsi mwaka 1979, mabasi yakaachwa yapite. Njia za miguu zilipanuliwa mno hata zikaonekana tupu, na mwaka 1996 magari yakarudishwa. Copenhagen walikwenda kwa tahadhari: barabara yao ya maduka, Strøget, ilifungwa mwaka 1962 kwa majaribio kwanza, ikawa ya kudumu mwaka 1964. Nasi tukaomba majaribio. Mwenye duka aliyekuwa anapinga aliweza kukubali kwa sababu alijua vizuizi vinaondoleka.

Jambo lililonichosha kuliko yote ni mizigo. Mkahawa unahitaji gesi na mboga kila siku, muuza samani anahitaji lori. Tulikaa na madereva, si wenye maduka peke yao, tukakubaliana magari ya mizigo yaingie alfajiri na kutoka kabla maduka hayajafunguliwa. Gari la zimamoto na la wagonjwa liliachiwa njia yake saa zote, kwa hiyo meza za nje zikapigiwa mstari usiovukwa.

Kisha ghorofa za juu. Nyingi zilikuwa stoo za maboksi. Nilizunguka kwa wenye majengo nikiwasihi wazikarabati wapangishe watu, maana mtaa wenye maduka tu bila wakazi hufa jua likizama. Taa zilipoanza kuwaka madirishani, mikahawa nayo ikaona faida ya kuchelewa kufunga.

Ila kilichonikosesha usingizi ni kodi. Mtaa ukipendeza, pango hupanda, na wa kwanza kuondoka ni fundi viatu, fundi saa na mshona nguo, watu walioulinda mtaa huo ulipokuwa umesahaulika. Kwa hiyo nilishikilia kwamba mikataba mirefu ya mafundi isainiwe kabla jiwe la kwanza la kutandika mtaa halijawekwa. Baadhi ya wenye majengo walikataa kabisa, na mafundi wao wamehama. Waliosaini, mafundi wao wapo hadi leo, na sasa tunajadiliana na wenye majengo hao nyongeza ya muda.