Tovuti ya stempu zangu: siku 19 za mwanzo

Siku ya 1. Kabla ya kugusa kompyuta niliandika majina kumi na manne kwenye karatasi, kisha nikayatamka kwa sauti moja baada ya jingine, kwa kuwa jina ambalo msikilizaji hawezi kuliandika baada ya kulisikia mara moja halinifai. Yenye kistari niliyafuta yote, ingawa kistari kinaruhusiwa mradi kisikae mwanzoni wala mwishoni.

Siku ya 3. Nimesajili kikoa, yaani jina la tovuti mtandaoni, cha .com kwa mwaka mmoja, japo ningeweza kukilipia hadi miaka 10. Kilichonichelewesha ni bei. Msajili (kampuni inayouza vikoa) wa kwanza niliyemtazama alitangaza bei ya kuvutia kwa tarakimu nene, ilhali chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu, bei ya kuhuisha usajili mwaka wa pili ilikuwa karibu mara nne ya ile. Nilipojumlisha gharama za miaka mitatu, yule niliyemwona ghali ndiye aliyekuwa nafuu, tena huficha anwani ya mwenye kikoa bila malipo ya ziada.

Siku ya 7. Nafasi ya kuhifadhi tovuti nimeinunua kwa kampuni nyingine makusudi, ili nikichoshwa nayo nibadilishe seva za majina tu, yaani kompyuta zinazoonyesha kikoa kinaelekea wapi, bila kukihamisha kikoa chenyewe. Nimechukua seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya kushirikiana na wateja wengine, kwani seva ya peke yangu ingekuwa ufahari usio na kazi. Neno “bila kikomo” lilinitia shaka, na kweli masharti yaliweka kikomo cha idadi ya mafaili. Nilihakikisha pia kwamba cheti cha usalama cha Let's Encrypt, ambacho ni cha bure, kinajihuisha chenyewe.

Siku ya 19. Tovuti haifunguki! Nilihangaika na mipangilio ya DNS (mfumo unaounganisha jina la kikoa na seva yake) saa nzima kabla ya kukuta, kwenye barua taka, ujumbe ulionitaka nithibitishe anwani yangu ya barua pepe. Nisipofanya hivyo ndani ya siku 15, msajili hulazimika kusimamisha kikoa. Nilibofya kiungo, nikasubiri, na jioni ukurasa ukarudi na stempu zake sita, pamoja na kosa la tahajia kwenye kichwa cha habari ambalo sikuwa nimeliona.