C moja, mahali patatu

Bendi yetu ya kanisani hapa Kampala ina magita mawili na kinanda. Mwenzangu na mimi tulikuwa tunapiga kodi ileile ya C (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), palepale mwanzo wa shingo, nyuzi zote sita. Sauti ikawa uji. Nikanunua chati ya kodi (si zile za serikali, ingawa nazo ziliniumiza kichwa), nikakariri maumbo kibao. Jumapili yakaniponyoka yote.

Kilichoniokoa ni skeli, yaani noti zilizopangwa kama ngazi: C, D, E, F, G, A, B. Nilishika nyuzi tatu tu: wa nne, wa tatu na wa pili, ukihesabu kutoka ule mwembamba. C ya kawaida hapo ni freti ya 2 (freti ni vile vyuma vya shingoni), uzi wazi usioshikwa, freti ya 1. Yaani E, G, C. Nikasogeza kila uzi hadi noti inayofuata kwenye skeli hiyo ya C meja: freti 3, 2, 3. Hiyo ni D maina. Tena: 5, 4, 5, E maina. Tena: 7, 5, 6, F. Kumbe skeli yenyewe inazaa kodi!

Kisha nikaruka. Kila uzi uende kwenye noti inayofuata ya kodi ya C yenyewe (C, E au G): 2-0-1, yaani ile C ya mwanzo, ikawa 5-5-5, kidole kimoja kimelala tu. Halafu 10-9-8. Hiyo ya mwisho inalia kama kengele, na kinanda hakiifuniki.

Jumapili iliyofuata mwenzangu alibaki chini, mimi nikapanda freti ya 10. Mzee wetu wa besi, Mkongo aliyekulia kwenye sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea dansi, akageuka: "Mdogo wangu, leo umetoka wapi?"