Nilivyonunua vitu kwenye maduka ya melini na nikaridhika (uzoefu wangu)

Kwa wale mnaopanga kusafiri na meli za kitalii, zile kubwa zenye ghorofa na maduka humo humo ndani, naomba niwasimulie mi nilivyofanya manunuzi yangu, manake nawasikia wengi wanasema maduka ya melini usiguse kitu wanapiga bei, na wengine wanasema beba hela zote kwa sababu hakuna ushuru kila kitu bei chee. Kwa nilivyoona mimi wote hawako sawa. Inategemea unanunua nini, na inategemea sana unanunua siku gani.

Tulikuwa mimi na dada yangu mkubwa, safari ya Mediterania, meli inatia nanga bandari hii mnashuka mnazunguka jioni mnarudi, halafu kuna siku hakuna bandari kabisa mko baharini kutwa nzima. Hizo siku za baharini ndo siku zenyewe za maduka. Meli ikiwa bandarini maduka yanafungwa, na hii inawashangaza watu wengi, unamkuta mtu anagonga kioo saa tano asubuhi akidhani wamechelewa kufungua. Sababu yake ni sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982 unairuhusu nchi ihesabu bahari kuwa yake mpaka maili 12 za baharini kutoka pwani, sasa meli ikishaingia humo na kufunga gatini ipo chini ya sheria za kodi za pale, na ile mizigo ya dukani haijalipiwa ushuru wa nchi hiyo, kwa hiyo wanafunga mpaka meli itoke. Kasino nayo kawaida ndo hivyo hivyo. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya tukishaingia kabini ni kuchukua ile ratiba ya safari na kuweka alama siku za baharini, nikajua hapa ndo nina nafasi, hapa sina.

Lakini kazi kubwa niliifanya nyumbani kabla hata sijafunga begi. Baba yetu alikuwa anakaribia kustaafu na tulikubaliana watoto wote tumnunulie saa nzuri ya mkononi, tukachagua Tissot, na mi nikapewa jukumu la kuinunua. Nikaandika namba ya modeli yote kamili, sio jina tu, kwa sababu saa mbili zinaweza kufanana sura kabisa kumbe moja ina kioo cha safaya, kile kigumu kisichochubuka ovyo, na nyingine haina, moja mashine ya kujizungusha nyingine ya betri, na bei ni tofauti kabisa. Nikatafuta bei yake kwenye tovuti tatu nne, nikapiga skrinshoti nikaziweka kwenye simu. Manukato pia nikafanya hivyo, yale ninayotumia mimi na yale anayopenda dada. Skrinshoti ni muhimu manake intaneti ya melini unailipia na mara nyingi inasuasua, usitegemee utasimama pale kaunta uanze kutafuta bei wakati muuzaji anakuangalia usoni.

Siku ya kwanza maduka yalipofunguliwa niliingia bila kadi. Na hapa nieleze kidogo kuhusu hiyo kadi, kwenye meli hizi hutumii hela taslimu, unapewa kadi moja inayofungua mlango wa kabini na hiyo hiyo ndo unalipia kila kitu, kuna kampuni nyingine zinatoa kifaa cha kuvaa mkononi au shingoni badala ya kadi, yote inaingia kwenye akaunti yako na mnamalizana mwisho wa safari. Ni rahisi mno na hapo ndo ilipo hatari yake, huoni noti ikitoka. Dada aliniambia, "Mdogo wangu, kadi iache kabini, tukaangalie tu leo," na tukafanya hivyo kweli, tukazunguka duka moja baada ya jingine na daftari, nikiandika bei ya kila kitu nilichokuwa nacho kwenye orodha.

Nilichogundua kwenye kulinganisha ni kwamba manukato yalikuwa na nafuu ya kweli, hasa zile seti za zawadi za wasafiri zenye chupa kubwa na ndogo pamoja. Ila angalia mililita! Chupa ya 75 na chupa ya 100 ukiziona kwenye kioo hazina tofauti kubwa, kwa hiyo mi nilikuwa napiga hesabu ya bei kwa kila mililita 10 ndo nalinganisha na skrinshoti zangu. Pombe kali nayo wengi wanasema ina nafuu, sigara pia. Vipodozi vya kawaida havikuwa na tofauti ya maana. Mikoba na miwani, mingine ilikuwa chini mingine ilikuwa juu kuliko kwenye tovuti, hapo hakuna kanuni, ni kuangalia moja moja. Vitu vidogo kama dawa ya meno, mafuta ya kujikinga na jua, chaja, hivyo bebeni kutoka nyumbani jamani, melini ni ghali.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni hili la kodi kwenye maji ya Ulaya. Neno bila ushuru limeandikwa kila mahali humo melini lakini Umoja wa Ulaya ulishafuta mauzo ya bila ushuru kwa safari za ndani ya Umoja tangu Julai 1999. Kwa hiyo safari ikigusa bandari za Umoja wa Ulaya peke yake kunaweza kuwa na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, juu ya bei, na safari ikiwa na bandari ya nje ya Umoja mambo yanabadilika. Sisi ratiba yetu ilikuwa na Kusadasi, Uturuki, nikamuuliza yule kijana wa dukani bila kuzunguka, bei hii ni pamoja na VAT au inaongezwa kaunta, na kuna siku yoyote ambayo haitozwi? Akanijibu vizuri sana, akanionyesha mpaka siku kwenye ratiba. Swali dogo tu hilo, ulizeni, wale wauzaji wanajua yote haya ila hawawezi kumfuata kila abiria kumwelezea.

Sasa saa ya baba. Modeli ilikuwepo, bei ikawa chini ya zile za kwenye tovuti lakini sio kwa kiasi cha kunifanya nikimbilie. Nikaulizia mambo mawili kabla ya bei yenyewe: kama duka ni wakala rasmi wa hiyo saa, na kama kadi ya waranti inajazwa na kugongwa muhuri palepale na tarehe. Akanionyesha cheti cha uwakala na akanifungulia boksi nikaona kadi ya waranti. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu saa ikiharibika miezi sita baadaye huwezi kuirudia ile meli, lazima fundi wa kampuni yenyewe popote ulipo aikubali. Bado sikununua. Nikamwambia nitarudi.

Nilisubiri kwa sababu nilikuwa na salio. Tulipokata tiketi tulipewa salio la bure la kutumia melini kama ofa, na la aina yetu lilikuwa halirudishwi, yaani usipolitumia mpaka siku ya kushuka linapotea. Watu wengi wanalisahau au wanalimaliza kwenye vinywaji. Mi nililipangia saa. Lakini kumbe ukikaa kimya salio hilo hilo linaanza kukatwa na vitu vingine, kwa mfano ile bahshishi ya wafanyakazi inayoingizwa kwenye akaunti kila siku, kwa hiyo kila jioni nilikuwa naangalia akaunti yangu kwenye televisheni ya kabini kujua limebaki kiasi gani. Bahshishi yenyewe siipingi hata kidogo, wale watu wanafanya kazi ngumu wako mbali na familia zao miezi mingi, nasema tu jua hesabu yako iko wapi ili usishtuke kaunta.

Kila usiku wanaleta karatasi ya ratiba ya kesho, na nyingine iko kwenye programu ya simu, humo mnaandikiwa ofa za maduka: kesho punguzo la saa, kesho meza ya vitu vya bei moja, kesho mafunzo ya vito na zawadi. Nilisoma hiyo karatasi kila siku bila kukosa, na ndo maana siku ya baharini ya karibu na mwisho nilipoona saa za mkononi zina punguzo nikawahi duka linapofunguliwa. Saa ya baba ilikuwemo. Nikaweka salio, nikaongezea kidogo, wakamkatia mkanda wa chuma kwa kipimo nilichokuwa nimekibeba, na nikaomba zile pingili zilizotolewa niwekewe kwenye boksi. Msisahau pingili, mkono wa mtu unanenepa na kukonda.

Usisubiri mwisho kwa kila kitu lakini. Fulana na majaketi yenye jina la meli, saizi za kawaida zinaisha mapema, dada alichukua lake mwanzoni kabisa na alifanya vizuri, siku ile ya punguzo zilibaki ndogo sana na kubwa sana tu.

Vito ndo sehemu ya kwenda polepole. Tulihudhuria mafunzo yao, mazuri kweli, nilijifunza mengi, na moyo wangu ulifurahi kusikia tanzanaiti inaelezwa mbele ya watu wa mataifa yote, kwamba inachimbwa sehemu moja tu duniani, Mererani kule Tanzania, na kwamba ilijulikana mwaka 1967 na jina hilo Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, wakalitangaza sokoni 1968. Ila yale ni mafunzo na ni mauzo kwa wakati mmoja, na kuna mambo mtu uulize mwenyewe. Tanzanaiti karibu zote zimepashwa joto ili ile bluu itoke, hilo ni kawaida na sio udanganyifu. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs ambapo almasi ni 10, maana yake kwa pete ya kuvaa kila siku ukiwa unaosha vyombo itachubuka, kwa hereni au kidani ni sawa kabisa. Dada alikuwa anataka pete, tukakaa tukalijadili, akachukua hereni. Kwenye vito bei haijafungwa sana kama kwenye manukato, akauliza kwa heshima bei ya mwisho ni ngapi kama tunalipa leo, wakashuka.

Kwa dhahabu angalia muhuri mdogo nyuma ya kifungo, 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18. Zile meza za mikufu wanayokukatia kwa inchi, ambazo hujaza watu mpaka korido inaziba, mara nyingi ni ya kupakwa dhahabu juu, ni mapambo mazuri ya bei ndogo na ununue ukijua hivyo. Na ile karatasi ya makadirio ya thamani wanayokupa na kito imetoka kwa muuzaji huyo huyo, kwa almasi ya hela nyingi omba cheti cha maabara ya nje kama GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito.

Kuna pia mtu wa kutangaza maduka ya bandarini, anawapa ramani na kuwaambia nendeni duka hili na hili. Mengi ya maduka hayo yamelipia kuwekwa pale. Sio kwamba ni mabaya, ila ramani ile sio orodha ya maduka bora ya mji, mi niliichukua na nikaingia maduka mengine pia.

Chupa ya pombe tuliyomnunulia shemeji hatukupewa mkononi, pombe ya dukani wanaishikilia na wanaileta kabini usiku wa mwisho au mnaichukua mahali wanapowaelekeza. Tuliifunga na manukato kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, kwenye begi la mkononi kimiminika zaidi ya mililita 100 kinaleta usumbufu viwanja vingi vya ndege.

Na forodha. Kununua bila ushuru melini hakumaanishi nchi unayoshukia haitakudai kitu. Kila nchi ina kiwango chake cha msamaha, mkazi anayerudi Marekani kwa kawaida ni dola 800, anayeingia Umoja wa Ulaya kwa bahari au ndege ni euro 430, Uingereza ni pauni 390, na pombe na tumbaku zina vipimo vyake pembeni. Angalia cha nchi yako kabla ya kupanga bajeti, manake ukivuka, ushuru unaweza kumeza nafuu yote uliyoipata. Sisi tulibaki chini ya kiwango chetu, risiti zote zilikuwa kwenye bahasha moja, nikatangaza nilichobeba na tukapita.

Zile risiti zilitusaidia tena baadaye. Maduka mengi ya melini hayaendeshwi na kampuni ya meli, yanaendeshwa na kampuni nyingine iliyokodi nafasi, na anwani yao iko kwenye risiti. Kifungo cha hereni moja ya dada kilianza kulegea tukiwa tumesharudi nyumbani, akawaandikia barua pepe hao wenye maduka akaambatanisha picha na risiti, hakuhangaika na kampuni ya meli kabisa, wakamwelekeza pa kuituma na wakamrudishia iliyotengenezwa vizuri, ndo anazovaa mpaka leo.