Gololi mfukoni
Jana mimi na mume wangu tumezunguka nyumba nne mpya kwenye mradi mmoja pembezoni mwa mji. Ya kwanza ilituteka: madirisha makubwa, rangi bado inanukia. Mwenzangu alishaanza kupanga makochi kichwani. Mimi nilikuwa na gololi ya mwanangu mfukoni. Nikaiweka katikati ya sebule, ikabingirika yenyewe taratibu mpaka ukutani. Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka.

Bafuni nikamwaga ndoo ya maji. Badala ya kuelekea kwenye tundu, yakatulia mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Vigae nikavigonga kwa ufunguo, kimoja kimoja. Vitatu vililia kama debe tupu, yaani chini yake saruji haikushika vizuri. Halafu kwenye kona ya dirisha kuna ufa uliokwenda mshazari, umepakwa rangi juu. Vile vinyufa vyembamba vya plasta havinitishi, plasta ikikauka husinyaa. Huo wa mshazari ndio ulionitoa nje.

Ya tatu ni ndogo, jiko limebana, ila maji yalikwenda yanakotakiwa. Tumeomba kurudi siku ya mvua. Muuzaji anasisitiza tuje kukiwa na jua.