Msalaba wa Brigid kwa mafunjo ya Dunga

Msalaba wa Brigid, mtakatifu wa Ireland, husukwa wakati wa Imbolc, sikukuu ya kale ya Waselti (watu wa kale wa Ireland na jirani zake) ya kukaribisha majira ya kuchipua, inayoangukia tarehe 1 Februari. Kisumu, uliko ufuo wa Dunga wenye mafunjo, wakati huo ni jua kali, masika bado; hilo lisikuzuie kusuka.

Pasua mabua mabichi ya mafunjo upate vipande 17 vya sentimita 30, vyembamba. Shika kimoja wima. Kunja cha pili katikati, kikumbatie cha kwanza, ncha zielekee kulia. Zungusha robo kinyume cha saa, kunja kingine kikumbatie vyote vinavyoelekea juu, uendelee hivyo. Funga ncha nne kwa uzi.

Mabua yakikauka hukatika kwenye mkunjo, kwa hiyo yafunike kwa gunia bichi. Tena husinyaa: ukisuka kwa ulegevu, kitovu kitafumuka. Kaza kila mzunguko, kisha tundika juu ya mlango.