Hogo la mguu kifundo lililokuwa likiteleza

Mtoto wa wiki 5, mguu kifundo wa kushoto, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Mara mbili hogo, yaani plasta ngumu ya kunyoosha mguu inayobadilishwa kila wiki, lilishuka kabla ya wiki kwisha, vidole vikazama ndani. Hogo likishateleza halinyooshi tena: linabana na kuvimbisha. Mama akiona vidole vinapotea, aliroweke kwa maji ya vuguvugu na kulifungua siku hiyohiyo. Kutoka Micheweni hadi Chake Chake, hapa Pemba, ni safari, asingoje afike kwetu.

Makosa yalikuwa mawili: pamba nene mno, na goti lililokunjwa kidogo tu. Nikazungusha pamba nyembamba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Plasta ikaanza chini ya goti, nikaifinyanga vizuri juu ya kisigino bila kukigandamiza kisigino chenyewe, dole gumba likiwa upande wa nje, kwenye kichwa cha talasi, mfupa ulio juu ya ule wa kisigino. Ndipo nikapandisha hadi karibu na kinena, goti nyuzi 90. Juu ya vidole plasta ilikatwa, chini ikabaki kama kibao.

Masika plasta hukauka polepole, usiifunike kanga.

Wiki kwa wiki unyayo ulifunguka kwa nje hadi nyuzi 60 hivi. Kisigino kilibaki juu, jambo la kawaida, hivyo kano yake ikakatwa kwa ganzi na hogo la mwisho likakaa wiki 3. Sasa ni viatu vya ufito, yaani viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala mpaka miaka 4 au 5. Vikiachwa mapema, mguu hurudi kupinda.